Mwano wa Machibya

"Toka Uhuru nakoroga uji!" Mektilda alikuwa anapiga kelele. "Toka Uhuru! Mkono huu si mkono tena, ni mwiko. Kuku wa Bariadi wanajua, mbuzi wa Migato wanajua, kwamba mume wangu anatembea na meno yake mfukoni kama mtu anayepeleka mbegu shambani!"

Wakati wa Uhuru Mektilda alikuwa anabebwa mgongoni, na aliyembeba namjua. Lakini sikumsahihisha. Mwanamke akiwa ameshika mwiko, miaka ni yake, aihesabu anavyotaka.

Mimi nilikuwa nimekuja kuazima pampu ya baiskeli. Nikasimama pale kwenye uzio wa minyaa, maana ukikuta ugomvi wa watu na wewe una shida yako, unasubiri kama uko foleni ya zahanati. Machibya, mume mwenyewe, alikuwa amekaa kwenye kigoda anafunga kamba za viatu. Viatu vya mtumba, vyeusi, vya kuendea msibani. Toka mwezi wa sita, kila Jumatatu anavaa vile viatu, anakaa pale mpaka jua linapanda, halafu anavivua anaenda shamba peku.

"Leo unaenda au unavipasha moto tu?" Mektilda akamwuliza. Akanigeukia. "Shemeji Selestini, mwulize wewe. Mimi mdomo umechoka."

"Mdomo wako haujachoka," nikamwambia. "Nimeusikia toka kisimani."

Hakucheka. Machibya naye hakucheka, ila siku hizi akicheka anafunika mdomo kwa kiganja, kwa hiyo huwezi kujua vizuri.

Safari yenyewe ilikuwa ya Shishiyu, huko Maswa, kumrudisha sengi yake. Sengi kwetu Wasukuma ni shangazi, dada wa baba. Huyu anaitwa Milembe. Machibya ndiye alimfukuza hapa Ngulyati, mwaka wa tatu sasa. Na mimi nilikuwepo, mkononi nina rungu.

Kisa kilikuwa meno.

Ukoo wa Machibya ulijulikana kwa vitu viwili, ng'ombe weusi na mapengo. Baba yake, mzee Ngassa, mimi namkumbuka nikiwa mdogo, hajafika hata miaka arobaini, anakula ugali kwa maziwa ya mgando kwa sababu nyama ilishamshinda. Na usifikiri yalikuwa meno mabovu. Meno ya ukoo ule hayatoboki, hayawi meusi. Linatoka jino zima, refu, jeupe mpaka kwenye mzizi, linatoka tu lenyewe kama mjumbe aliyechoka kukaa kikao. Fizi ndiyo inaoza. Inavimba, inavuja damu, inarudi nyuma, jino linabaki limesimama kama nguzo iliyofukuliwa.

Mzee Ngassa alikuwa na dada mmoja tu, huyo Milembe. Mume wake alipofariki akarudi kwa kaka yake, na mama yake Machibya alipokufa, yeye ndiye alimlea Machibya toka anatambaa. Na Milembe, bwana, alikuwa na meno! Alikuwa anatafuna michembe mikavu. Unajua michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani. Watu wanaichemsha kwanza. Yeye hachemshi. Anakaa kwenye jiwe lake nyuma ya jiko, mchana, kru, kru, kru, mpaka unaona aibu kwa niaba ya taya lako.

Yeye ndiye alimfundisha Machibya kazi iliyokuja kumpa jina. Tukivuna pamba, Milembe anachomoa mbegu moja kwenye gunia, anaitia menoni. Mbegu kavu inalia ta! Mbegu yenye unyevu inabonyea kimya. "Ng'wana wane," alikuwa anamwambia, mwanangu, "macho yatakudanganya. Jino halidanganyi."

Sasa ikaja miaka ile serikali ikafungua biashara. Kabla ya hapo pamba yote ilikuwa ya ushirika. Ghafla kila mwenye lori na mzani ni mnunuzi. Dukani kwa Gharib, pale Bariadi mjini, dawa ya meno iliyokuwa ya kuandikisha jina na kusubiri ikawa ya aina tano, nyingine ina mistari kama jezi ya mpira. Na sisi wakulima tukajifunza ujanja wa haraka. Unamwagia pamba maji jioni, asubuhi gunia limenenepa. Wanunuzi wakalia. Mmoja akatafuta mtu wa kusimama pale gulioni, penye mzani, aseme hii ni safi, hii ni fifi, yaani daraja la pili, hii imekunywa maji. Akamchukua Machibya.

Alikuwa na miaka thelathini na nne, meno yote yapo. Anaingiza mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko, anatoa mbegu ya katikati, anauma. Watu wazima walikuwa wanamwangalia mdomoni kama wanasubiri matokeo ya mtihani. Hakupokea kuku wa mtu. Ndugu yake mwenyewe alimrudisha nyumbani na mikokoteni miwili. Tulimchukia kwa heshima.

Siku jino la kwanza lilipotoka, gunia lilikuwa la kwangu. Sitaki kuisemea sana pamba yangu ya mwaka ule. Machibya akatoa mbegu, akauma. Haikulia. Akasimama, akatema kwenye kiganja. Mbegu ilikuwa imebonyea, laini kama ndizi, na pembeni yake jino la mbele, limelala, na damu kidogo.

Gulio zima likacheka. Mtu akasema, "Sasa tumwagieni maji mpaka kwenye mzani!" Katika kucheka huko karani akaandika gunia langu kuwa safi. Mimi nikachukua baiskeli nikaondoka.

Kabla mvua hazijaanza, mengine mawili yalikuwa yanacheza. Akawa anauma kwa magego, baadaye akawa anajifanya kuuma. Mnunuzi akamwambia apumzike. Hilo angelivumilia. Lililomtisha ni binti yake, Elizabeth, miaka kumi na minne. Asubuhi moja mtoto anapiga mswaki pale uani, anatema, Machibya anaona mate mekundu juu ya mchanga. Alikaa anayaangalia yale mate mpaka kuku wakaja wakayala.

Akaenda kwa nfumu, mganga wa kupiga ramli. Simlaumu, wewe ungeenda wapi? Zahanati walimpa vidonge vya maumivu, na yeye haumwi. Yule mganga akamsikiliza, akaangalia vitu vyake, akamwuliza swali moja tu.

"Katika ukoo wenu, nani ana meno yote?"

Basi. Hakumtaja mtu. Aliuliza tu, akanyamaza, akamwacha Machibya amalize mwenyewe. Na Machibya akarudi njia nzima anamaliza.

Asiyeujua mwano nimweleze. Ni ukelele wa hatari. Ng'ombe wakiibiwa, unapanda mahali pa juu unapiga mwano, anayeusikia anaupokea na kuupeleka mbele, na kila mwanaume anatoka na upinde au rungu. Huulizi ni nini. Ukibaki nyumbani, kesho sungusungu, walinzi wa kijiji, wanakuja kukuuliza wewe. Ukishapigwa haurudishwi, hakuna ukelele wa kusema jamani nimekosea.

Machibya alipanda kwenye kichuguu cha nyuma ya boma lake, asubuhi kweupe, akapiga mwano. Nilikuwa naziba pancha. Nikatupa tairi nikakimbia.

Tulifika kama sitini. Mwizi hakuna. Yuko bibi kizee amekaa kwenye jiwe anatafuna michembe, na Machibya amesimama, anamnyooshea kidole. "Huyu," anasema. "Anakula meno yetu. Alikula ya baba, amekula yangu, sasa ameanza ya mtoto."

Kamanda wa sungusungu akasema mambo hayaendi kwa maneno matupu, lazima pawe na ushahidi. Ushahidi utakuwa nini? Meno. Nani amesoma? Selestini amefika darasa la saba. Wakanisogeza mbele.

"Fungua mdomo, mayu," nikamwambia. Nilimwita mayu, mama. Hiyo naikumbuka.

Akafungua. Alidhani namtania, mimi nilikuwa namtania toka nikiwa mtoto. Nikaanza kuhesabu kwa sauti, na nyuma yangu watu wanaitikia kila namba. Nilipopita ishirini wakaanza kunung'unika. Nilipofika thelathini mtu akatema chini. Nikamaliza, thelathini na mawili. Ningeweza kusema ishirini na sita. Nani angekagua? Lakini nilikuwa najivunia kuhesabu.

Hawakumpiga. Watu wakisimulia wanaanzia hapo, hatukumpiga, kama vile ni zawadi. Akaambiwa jua lisizame yupo, na yeyote atakayempa moto au maji atatengwa naye. Akachukua ungo wake na khanga moja. Alipofika mbele ya Machibya akasimama.

"Ng'wana wane," akasema, "meno haya nilipewa na mama yangu, na mama yangu ni bibi yako. Mtamfukua na yeye?"

Machibya akaangalia chini. Milembe akaondoka na njia ya mjini, hakugeuka. Michembe yake ilibaki pale kwenye jiwe, na hakuna aliyeigusa, hata mbuzi.

Baada ya hapo mambo yangetulia, si mwizi wa meno ameondoka? Mwaka huohuo Machibya akapoteza mengine mawili. Mwaka uliofuata matatu. Akawa anayaweka kwenye boksi la kiberiti, kwa sababu hakujua ayafanyie nini. Ukitupa jino la utoto juu ya paa unaomba lingine. Jino la mtu mzima utaomba nini?

Halafu sauti ikaanza. Yeye hakuniambia mwanzoni, Mektilda ndiye aliniambia. Saa saba mchana, jua limesimama, hata njiwa wamenyamaza, Machibya anaacha kula, anainua kidole. "Mnasikia?" Kru, kru, kru, nyuma ya jiko. Anaenda. Hakuna mtu, jiwe tu. Mbwa amelala kivulini, pua ameielekeza kwenye jiwe, na mkia wake unapiga chini pole pole, kama mbwa anavyompigia mtu anayemfahamu.

"Ni panya," mimi nilisema.

"Panya gani anakula saa saba kamili?" Machibya akaniuliza.

Nikamtania kwamba labda ni panya wa serikali, anafuata saa. Alicheka, akafunika mdomo. Ila siku moja nilikuja hapo kurudisha pampu, hawapo, wote wako shamba. Nikaisikia. Kavu, pole pole, inatafuna kama mtu asiye na haraka. Nikaiweka pampu chini nikaondoka kwa miguu, baiskeli nikaifuata kesho yake. Sikumwambia mtu. Ningesema nini, kwamba mimi nami nimefuatwa kwa sababu nilihesabu?

Mwaka huu, mwezi wa sita, wakaja watu wa hospitali ya misheni na daktari wa meno, Januarius, kijana wa Bukoba. Wakafungua ghala la zamani la ushirika, siku hizi halina hata gunia, wakaweka viti. Kukaguliwa bure. Nilipanga foleni nyuma ya Machibya. Daktari akamwangalia mdomoni, akamwangalia Elizabeth, akaita muuguzi aandike. Akauliza habari za baba, babu, baba wadogo, nani alibaki na meno, mpaka umri gani. Akachora ukoo mzima kwenye karatasi, viduara na vimraba, vingine amevipaka wino mweusi.

"Mzee," akamwambia, "huu ni ugonjwa wa fizi. Chini ya meno kuna ukoga, na ndani ya ukoga kuna vijidudu. Mimi ninavyo, huyu nyuma yako anavyo."

"Anavyo vingi," Machibya akasema. Alikuwa bado ana utani siku ile.

"Sasa mwili ukiviona unatuma ujumbe kwenye damu, kuita askari wake. Kwa watu wengi ujumbe ni wa kiasi. Wanakuja askari wachache, wanapigana, wanaondoka. Lakini kuna watu, kwa kuzaliwa, ujumbe wao ni mkali kupita kiasi. Kijidudu kidogo tu, wanaitwa askari wengi mno. Wanajaa, hawaondoki, na wanaanza kula mfupa ulioshika jino. Vijidudu vinaanzisha ugomvi. Jengo linabomolewa na walinzi."

Machibya akasema, kwa sauti ndogo, "Kama mwano."

"Mwano ni nini?"

Akamweleza. Alieleza vizuri, polepole, mtu anapiga kwenye kichuguu, wengine wanapokea, wote wanakuja, hakuna anayeuliza. Daktari akafurahi, akamgonga begani. "Hivyohivyo! Katika damu yenu mpiga mwano anapiga hata kwa kuku. Wanakuja kijiji kizima, wanakanyaga mpaka boma linaanguka."

Mimi nyuma yake nilikuwa nimeanza kuhesabu mbao za dari.

Daktari akaendelea, wala hakujua anatembea juu ya nini. Akasema si damu peke yake, ugoro unaongeza, uchafu unaongeza, na wataalamu wenyewe bado wanatafuta, ndiyo kwanza wameanza kuona. Akasema Elizabeth amewahi, akikwanguliwa ukoga kila baada ya miezi michache na akijisafisha, anaweza kuzeeka na meno yake. Akasema kitu hiki kinarithiwa lakini hakigawiwi sawa, baba mmoja mama mmoja, huyu anakipata, huyu anakikosa. Akagonga karatasi kwa kalamu.

"Kwa hiyo niambie, mzee. Katika ukoo wenu, nani ana meno yote?"

Naapa ni maneno yaleyale. Machibya alishika mkono wa kiti. Elizabeth akamwangalia baba yake. Kwenye foleni kulikuwa na wanaume labda ishirini waliokuwepo siku ya mwano, na wote wakapata kitu cha kuangalia chini.

"Sengi yangu," akasema mwisho.

"Safi sana! Yuko wapi? Huyo ndiye nataka kumwona. Hana kosa lolote kwenye mdomo, yeye kapita salama tu. Akija tukamlinganisha na wewe, tutajifunza mengi."

"Amesafiri," Machibya akasema.

Daktari akachora kiduara kimoja pembeni ya mzee Ngassa, hakukipaka wino. Akakiacha cheupe.

Ndiyo toka siku hiyo anavaa viatu kila Jumatatu. Gharib, ambaye anapeleka bidhaa magulioni mpaka Maswa, alisema alimwona bibi kizee Shishiyu, anaishi kwenye kibanda cha watu, ananunua chumvi tu. "Na alinichekea," Gharib akasema, "meno hayo, mashallah." Lakini hiyo ni habari ya mwaka jana, na mwaka huu njaa imepita kule.

Basi ndiyo nikawakuta asubuhi ile.

"Unaogopa nini?" Mektilda alikuwa amepunguza sauti sasa, mwiko ameuweka chini. "Mimi nitampisha kitanda. Jiwe lake nimelifagia. Elizabeth anauliza kila siku, bibi anarudi lini. Sungusungu wenyewe, kamanda amesema hana neno, mtu akimrudisha, arudishwe. Kimebaki nini, baba Elizabeth?"

"Mwano haurudishwi," Machibya akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi ile.

"Nani kakwambia uurudishe? Mrudishe mtu!"

Akasimama. Akaingia ndani, akatoka na kiberiti, akakitikisa sikioni, yale meno yakalia humo ndani, makavu. Nikaona Mektilda anageuza uso. Akakitia mfukoni, upande wa moyo.

"Hayo unampelekea ya nini?" nikamwuliza.

Akanitazama kama mtu aliyesahau kwamba nipo. Nilitaka kumtania, kusema labda anampelekea akamilishe meno arobaini. Utani ulikuwepo hapo mdomoni, tayari. Ukakataa kutoka.

Akapita kwenye uwazi wa minyaa. Jumatatu zote huwa anaishia pale, anarudi. Akaupita. Mektilda akamfuata mpaka kwenye uzio, ameshika khanga kifuani.

"Ukimkuta utamwambia nini?" akapaza sauti. "Baba Elizabeth! Utaanzia wapi?"

Yuko njiani, vile viatu vinamuuma unaona, anakanyaga pembeni.

Na mimi nikajikuta nimetoka, nimesimama katikati ya barabara, pampu yenyewe sijaiomba, napiga kelele kuliko mwanamke. "Machibya! Akiuliza nani alihesabu, utasema ni mimi?"

Alinisikia. Alipunguza mwendo, nikaona bega moja linataka kugeuka. Halafu akashika mfuko wake, akaendelea na njia ya Bariadi, akapita kile kichuguu cha mwano, akapita nyumba ya mwisho.